Mpapasa Shingo wa Molenbeek

Jumanne ya pili ya Novemba mwaka 1995, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Modeste alirudi kutoka kazini na mkate mrefu kwapani, vitunguu mfukoni na fungu la kivumbasi lililoviringishwa kwenye gazeti, akakuta watu kumi na saba wamepanga foleni kwenye ngazi za jengo lao. Walisimama mmoja nyuma ya mwingine upande wa ukutani, ili wapangaji wapate pa kupita. Kola zao walikuwa wamezishusha. Miguuni walikuwa na tope jekundu, na tope jekundu Molenbeek, huku Ubelgiji, halipatikani hata kwa dawa.

Nyuso zao hazikumwambia kitu. Modeste hakuwa mtu wa nyuso. Kwa miaka kumi na sita alikuwa amesimama nyuma ya watu, na watu aliwajua kwa shingo. Alipanda taratibu akitazama visogo, na kabla ya kufika ghorofa ya kwanza alikuwa ameshawatambua watano. Yule mwenye kovu la moto chini ya sikio. Yule mwalimu wa mikunjo mitatu. Yule mama mwenye baka jeupe lililochorwa na Mungu mwenyewe katikati ya kisogo. Wote walikuwa wamekufa kwa malale huko kwao Kibombo, miaka mingi iliyopita, na baadhi yao alikuwa amewaandika yeye mwenyewe kwenye daftari la marehemu, kwa herufi kubwa, kama alivyofundishwa.

Mlango wa chini ulifunguka. Fatuma, mama mmoja aliyetoka mji wa Kasongo, aliyepanga chumba cha chini pamoja na vyerehani vyake viwili, akatoa kichwa.

"Papa Modeste, bageni yako iko pa escalier toka saa tisa. Nimebatandikia magazeti juu ya ile matope. Concierge akikuja, mimi sitaki maneno."

"Merci, maman."

"Nimebapa chai, banakataa. Banasema kazi iishe kwanza."

"Njo vile banafanyaka."

Modeste aliingia ndani, akaweka mkate mezani, akanawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, akatoka tena na kusimama kwenye kizingiti cha ghorofa ya tatu. Mtu wa kwanza akamgeuzia mgongo. Modeste akaweka vidole chini ya masikio yake, akavishusha polepole hadi kwenye mfupa wa bega, kulia na kushoto kwa pamoja, akaacha vidole vitafute vyenyewe. Tezi za malale hukaa hapo, nyuma ya shingo, zikiteleza chini ya ngozi kama njegere zilizoiva. Zilikuwepo. Akamsogeza kando, akamshika anayefuata.

Saa kumi na mbili, wote kumi na saba walikuwa wameisha. Kila mmoja kabla ya kushuka aliuliza swali lilelile.

"Majibu yametoka?"

"Bado."

"Bon. Tutarudi kesho."

Wakashuka, wakatoka nje, wakashika njia ya mferejini. Rolande, mke wa Modeste, alirudi saa moja kutoka kwenye nyumba ya wazee kule Berchem-Sainte-Agathe alikokuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee wa Kibelgiji. Aliuliza kuhusu tope tu. Mumewe akamjibu. Rolande akachukua ufagio.

Kilichowaleta ni harufu. Jumamosi moja ya katikati ya Oktoba Modeste alikuwa amekamua mafuta ya kivumbasi jikoni kwake. Majani aliyanunua kwa Maman Viviane pale barabara ya Chaussée de Wavre, ambaye huyaita lumba-lumba na huyapokea kila Alhamisi kwa ndege, yamenyauka kidogo pembeni lakini yana nguvu zake zote. Mtambo wenyewe ulikuwa sufuria ya presha ya kuchemshia maharagwe. Pale mvuke unapotokea alikuwa amekaza bomba jembamba la shaba. Bomba likavuka korido, likaingia bafuni, likajiviringa mara sita ndani ya beseni la maji baridi na kuishia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Gunia zima lilitoa mafuta yasiyojaza kijiko cha chai. Harufu, hiyo nayo ilijaza ghorofa zote nne, ikatoka kwa mlango wa mbele bila kuaga, ikaenda ilikoenda. Kumbe ilifika mbali.

Modeste hakuwa mtu wa kuchezea sufuria bila sababu. Zamani zile, alikuwa mtu wa timu ya malale. Timu ilikuwa na magari mawili, darubini tatu, meza za kukunja na watu tisa, na ilizunguka vijiji vyote vya Kibombo mara moja kwa mwaka. Mbung'o ndiye anayeuma na kupanda kimelea kwenye damu. Kimelea hukaa kwenye damu muda mrefu bila kelele, kisha hupanda kichwani, na mtu huanza kulala mchana na kuzurura usiku, mpaka siku moja asiamke. Kazi ya timu ilikuwa kumpata mgonjwa kabla kimelea hakijapanda. Kijiji kizima kilipanga foleni juani. Aliyekuwa amezidiwa hata asiweze kusimama alimtuma ndugu amshikie nafasi. Na wa kwanza kuwapokea alikuwa palpeur, mpapasaji, ambaye hana darubini wala sindano, ana vidole kumi. Akisema huyu ana tezi, huyo anakwenda kushoto, kwenye darubini. Akisema "Passez," yaani pita, huyo anarudi nyumbani na kadi yake imeandikwa négatif, hana ugonjwa. Mwaka 1990 Wabelgiji na wakubwa wa Kinshasa walikosana, magari yakawekwa juu ya matofali, na hakuna aliyepita tena Kibombo kushika shingo ya mtu. Modeste na Rolande wakahamia Ubelgiji.

Mwanzoni mwa Oktoba padri mmoja alileta kaseti. Ilikuwa sauti ya Bienaimé, mdogo wake Rolande, na nyuma yake kuku na mvua.

"Dada, jambo. Shemeji, jambo. Huku tuko. Maman, bon, maman analala muchana. Analala na bugali mu mukono. Unamwamusha, anakamata tena ile bugali, analala tena. Usiku anatembea mu kiwanja. Muone namna gani."

"Ni buzee," Rolande alisema. "Maman alipimwa. Eko na carte."

Modeste alinyoosha mkono akazima redio ya kaseti.

Alijua Kibombo kumebaki nini. Dawa ya zamani, ile yenye arseniki inayounguza mishipa na kumuua mgonjwa mmoja kati ya ishirini kabla ugonjwa haujamuua, ilikuwa sanduku moja, tena Kasongo. Dawa mpya, ile iliyokuwa ikiwaamsha watu kwa upole, mwaka huo wa 1995 kiwanda kilikuwa kimeacha kuitengeneza, kwa kuwa wanunuzi wake walikuwa wagonjwa wa malale peke yao. Basi kilichobaki kichwani mwa Modeste kilikuwa kivumbasi, dawa ya majani ya nyumbani, na mwanamke mmoja aliyeitwa Katrien.

Katrien alikuwa mtafiti wa miaka thelathini na minne kwenye taasisi ya magonjwa ambako Modeste sasa aliosha vyombo vya kioo. Kazi yake ilikuwa kupima mafuta ya mimea yenye kunukia: mdalasini, mnanaa, karafuu, mikaratusi. Alitia tone kwenye damu ya panya yenye vimelea, akatazama nani anakufa. Alikula mkate wake palepale kwenye meza ya darubini na kuacha makombo, na Modeste, ambaye ndiye aliyeyafuta, hakuwahi kumsema kwa mkubwa wao. Kwa hiyo alipomwekea kile kichupa cha kikohozi mezani, Katrien hakucheka. Alitia tone moja kwenye maji mengi, na tone la maji hayo kwenye damu.

Baada ya nusu saa alimwita Modeste atazame. Vimelea vya malale vikiwa hai hukimbia kati ya chembe za damu, vikijipinda, vyenye haraka ya watu waliochelewa metro. Hivi vilikuwa vimesimama. Kimoja kilijipinda mara mbili, kikanyooka.

"Umeyakamua kwa kitu gani?" Katrien aliuliza.

"Kwa sufuria, mademoiselle."

"Sufuria ipi?"

"Ya maharagwe."

Katrien akaandika kwenye daftari: mafuta namba 41. Baadaye alijaribu kwa panya kumi wagonjwa, na sita wakapona, wakala, wakaumana. Hilo halikuwa limetokea kwa namba arobaini zilizotangulia. Akaandaa ripoti kwa ajili ya kamati ya taasisi, ambayo ingekutana tarehe kumi na nne Desemba kuamua ni kazi ipi iendelee na ipi ikomee hapo. Modeste alihesabu kwa vidole: Desemba uamuzi, Januari dawa, Februari ndege ya mapadri. Mama mkwe angeweza kuishi hadi Februari. Wapo waliolala mwaka mzima.

Ni hesabu hiyo aliyokuwa nayo kichwani siku ile ya watu kumi na saba, na siku zilizofuata, maana walirudi kila siku kama walivyoahidi, saa tisa, na kila siku wakaongezeka. Hawakuwa wamekuja kwa ajili yao wenyewe. Walimweleza mapema, kwa adabu: wao mambo yao yalikwisha. Kila mmoja alimshikia nafasi mgonjwa mmoja wa nyumbani kwake, aliye hai, asiyeweza kusimama.

Nafasi ya kumi na moja ilishikwa na Donatien, baba yake Rolande. Alikufa mwaka 1990 kwa ile sindano ya arseniki, na bado alitembea akiwa ameunyoosha mkono wa kushoto, uliochomwa. Modeste alimpapasa kwa kumwomba radhi kwanza, kama inavyompasa mkwe, na mzee alijibu kwa kukohoa. Wiki mbili zilipita hivyo. Rolande alirudi jioni, akakuta tope na magazeti, wenyewe wakiwa wameshaondoka.

Siku ya kwanza ya Desemba alibadilishiwa zamu, akarudi saa kumi na moja. Alimkuta baba yake kwenye ngazi ya ghorofa ya pili.

"Jambo, papa."

"Jambo, mutoto. Umenenepa."

"Ni baridi, papa. Inakulishaka muntu." Alimfuta baba yake bega, lililokuwa na majani makavu. "Sasa unamushikia nani nafasi?"

"Mama yako."

"Maman haiko na malale. Eko na carte, négatif. Ni Modeste aliandika."

Donatien alitazama juu, kizingitini, alikokuwa mkwewe na mikono yake imesimama shingoni mwa mtu wa tisa. Enzi za uhai wake hakuwahi kumsema vibaya mkwe, na kufa hakukuwa kumembadilisha sana.

"Mimi nilikuwa nyuma yake siku ile," alisema mwishowe. "Mikono ya bwana yako haikumufikia."

Waliokuwa mbele na nyuma yake wakageuka kutazama ukuta, kama wafanyavyo watu wenye malezi familia ya mtu ikianza maneno.

Rolande alingoja hadi foleni iishe. Alingojea jikoni, na koti lake mwilini.

"Ulimugusa mama, ao hukumugusa?"

"Rolande, ni mukwe wangu."

"Ninajua ni nani. Ninauliza vidole."

Modeste akakaa. Kwao, mwanamume hamgusi mama mkwe. Hampi mkono, hali naye sahani moja, akikutana naye njiani huingia majanini ampishe. Mwaka 1989, mzunguko wa mwisho, mpapasaji mwenzake, Jean-Marie, alikuwa amelala na homa, na Modeste alikuwa peke yake mbele ya watu mia tatu. Mama Chakupewa, mama yake Rolande, alifika mbele yake, akageuka, akashusha kitenge shingoni. Kijiji chote kilikuwa kinatazama. Modeste aliinua mikono, akaisimamisha hewani nyuma ya shingo ile bila kuigusa, akahesabu hadi kumi, muda ambao vidole vingetumia. Akasema, "Passez." Akaandika négatif, akatia sahihi.

"Sikumugusa," alisema.

"Juu ya heshima."

"Juu ya heshima. Nilisema mwaka unaokuja Jean-Marie atakuwa amepona, njo atamugusa. Mwaka unaokuja timu haikukuja."

Rolande alivua koti, akalitundika, akalinyoosha mikono yote miwili.

"Bon. Donc ile heshima, njo iko inalala sasa na bugali mu mukono."

Hakusema naye tena kwa siku tisa, ila mambo ya chumvi na ufunguo.

Tarehe ya kamati ilipojulikana ngazini, foleni ilitoka nje ya jengo. Ilipita duka la nyama, ikapita kinyozi, ikafika mferejini. Komuni, yaani serikali ya mtaa, ilimtuma ofisa mmoja aitwaye Dries, kijana mwenye futi ya chuma, akapima njia ya waenda kwa miguu. Aliandika kwamba marehemu wanaruhusiwa kusimama kuanzia saa tisa hadi saa kumi na mbili, mradi waache mita moja na nusu kwa ajili ya vigari vya watoto. Marehemu wakajibana ukutani. Concierge, msimamizi wa jengo, naye akabandika karatasi: tafadhali pangusa miguu. Wengi hawakujua kusoma, lakini Fatuma aliwasomea mmoja mmoja, akaongeza na ya kwake, kwamba wasiguse vitambaa vya wateja.

Tarehe kumi na nne Modeste alisukuma kigari chake cha vyombo mara nane kwenye korido ya kamati, ingawa vyombo vilikuwa safi. Ndani walikaa watu saba. Mmoja wao alikuwa daktari mstaafu, Frans, aliyewahi kuongoza timu ya Kibombo, na ndiye aliyemfundisha Modeste kupapasa, akamfunga kitambaa machoni mwezi mzima ili vidole vifunguke.

Katrien alitoka saa sita.

"Wamesema ni kazi nzuri sana, Modeste."

"Basi itatengenezwa."

"Itaandikwa. Kwenye jarida."

"Na dawa?"

Katrien alieleza pale pale, amesimama, akivunjavunja kalamu ya risasi vipande vidogo. Kutoka kwa panya hadi kwa mtu ni miaka kumi, na ni lazima kuwe na kampuni, na kampuni huuliza swali moja tu, nani atanunua.

"Wagonjwa."

"Ndiyo. Hapo ndipo waliposimama." Akaweka vipande vya kalamu mfukoni. "Kuna kiwanda cha mishumaa kimeomba sampuli. Mishumaa ya bustani, ya kufukuza mbu. Wamependa harufu."

Saa kumi na nusu alasiri Modeste alinawa mikono, akasimama kizingitini.

"Majibu yametoka?" aliuliza mtu wa kwanza.

"Yametoka. Mafuta inaua."

"Donc dawa iko."

"Haiko."

Yule mtu akamwambia aliye nyuma yake. Habari ikashuka ngazi kwa ngazi, ikatoka mlangoni, ikafuata ukuta hadi mferejini. Ilichukua kama dakika nne. Hakuna aliyeondoka. Yule wa kwanza akashusha kola na kumgeuzia mgongo.

"Basi shika. Tutarudi kesho."

Kesho yake alikuja Frans. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tano, amevaa kofia ya sufu, na alizungumza Kiswahili chake cha zamani, kile cha kuamrisha, kwa kuwa hakuwa na kingine.

"Modeste. Hii bantu yote iko nafanya nini hapa?"

"Banangojea, docteur."

"Nangojea nini? Kamati ilishamaliza."

"Banajua, docteur."

Frans alivua kofia. Alimtazama mwanamume aliyekuwa karibu naye, akainamisha kichwa ili aione shingo.

"Huyu mimi najua."

"Ni numéro trente-deux, ya mwaka soixante-dix-neuf. Ulimupiga sindano ya mugongo weye mwenyewe."

"Bonjour, docteur," alisema numéro trente-deux, yule namba 32 wa mwaka 1979, akamsogezea kigoda ambacho Fatuma alikuwa amempa yeye.

Frans alikaa. Alizungusha kofia mikononi mara kadhaa.

"Kura ilikuwa quatre contre trois," alisema, akionyesha vidole vinne, kisha vitatu. "Mimi ilikuwa ya quatre. Nilisema hapana. Dawa ya kuponya panya, mimi nimeona mingi, Modeste. Yote nakufa juu ya meza. Miaka yote mimi naambia bantu, ngojeni, dawa nakuja. Sikutaka kusema tena."

"Banangojea hivyo hivyo, docteur."

Hakuna aliyemlaumu. Mama mwenye baka jeupe alimuulizia mke wake, akaambiwa amefariki, akampa pole. Mzee akavua koti, akakunja mikono ya shati, akashika upande wa kushoto wa ngazi, Modeste wa kulia, kama zamani. Mkono wake wa kuume ulikuwa na mtetemo, kwa hiyo waliofika kwake walipiga magoti kidogo na kutulia sana, wamsaidie. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili akapanda tramu kurudi Berchem.

Modeste hakuacha kukamua. Alimpa padri kichupa, na padri alikipeleka hadi Goma, na Goma kilikaa kwenye dirisha la ofisi ya misheni kikingoja mtu wa kwenda Kibombo. Jarida lilitoka Januari. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, Katrien alikuwa amemshukuru bwana Modeste kwa usafi wa vyombo. Alitaka kuandika zaidi, mhariri akapunguza. Rolande alilikata lile jarida, ukurasa wa Modeste, akaubandika kwenye friji. Siku hiyo alimwekea chakula mwenyewe.

Jumatano ya mwisho ya Januari theluji ilianguka tangu asubuhi. Rolande alikuwa na siku ya mapumziko. Alishika ufagio kizingitini, akimfagilia mumewe theluji iliyoingia na miguu ya watu. Modeste alimaliza wa tisa, akamaliza wa kumi, akainua mikono na kuishikilia hewani.

Shingo iliyokuwa mbele yake hakuijua. Katika foleni nzima, kuanzia ngazini hadi mferejini, hiyo ndiyo shingo pekee ambayo vidole vyake havikuwahi kukutana nayo. Ilikuwa fupi na nyembamba. Kitenge kilikuwa kimeshushwa mabegani, na mwenyewe alikuwa ameshageuka kitambo, maana mama mkwe hamtazami mkwe usoni. Donatien, aliyeishika nafasi hiyo, hakuwepo.

"Maman," alisema Rolande.

"Rolande. Ngazi yenu ni mirefu."

"Ni tangu lini?"

"Juzi, asubui. Bienaimé atatuma cassette. Nilikuwa nimelala, sikusikia kitu."

Rolande aliegemeza ufagio ukutani. Modeste alirudi hatua moja nyuma, akasema kwa sauti ya chini:

"Rolande, umuguse weye. Ni mama yako."

"Mimi kazi yangu iko Berchem. Kazi ya shingo ni yako."

Ngazini mtu wa nyuma akashusha kola. Mama Chakupewa akasema, bila kugeuka:

"Mukwe, bantu banangoja nyuma."

Modeste akaingia ndani, akanawa mikono mara ya pili, akaikausha. Akarudi. Akaomba radhi kwa maneno yote yanayotakiwa, na yalikuwa mengi, na mama mkwe akayaitikia hadi mwisho. Kisha akaweka vidole chini ya masikio yake, akavishusha.

Zilikuwepo, kulia na kushoto. Hazikuwa njegere. Zilikuwa ngumu na ndogo, zimekauka, tezi za mtu aliyekaa na ugonjwa miaka mingi. Vidole vilimwambia umri wa ugonjwa bila kupunguza hata mwaka mmoja. Mwaka 1989 zilikuwepo tayari, nene, za kupatikana hata na mwanafunzi.

Kadi ilining'inia kifuani mwake kwa kamba ileile ya mwaka 1989. Modeste aliikata négatif kwa mstari mmoja, akaandika positif, akaandika tarehe, akatia sahihi chini ya sahihi yake ya zamani. Zilifanana. Akampa Rolande asome. Rolande alisoma, akampa mama yake.

"Majibu yalitoka?" mama aliuliza.

"Yalitoka, maman," alijibu Modeste. "Mafuta inaua."

"Na dawa?"

"Haiko."

Mama alinyoosha mkono nyuma, kiganja wazi, na Modeste akaelewa, akamwekea kichupa cha mafuta alichokuwa nacho mfukoni, kwa kukiacha kianguke ili vidole visigusane. Alikifungua, akanusa.

"Unaweka moto mingi. Imeungua."

"Ndiyo, maman."

"Majani unachuma asubui, na moto unaweka kidogo."

"Ndiyo, maman."

Akamrudishia, akaanza kushuka. Rolande akamfuata hadi ghorofa ya pili.

"Maman, unaenda wapi? Umeshapita."

"Nyuma. Carine, mutoto wa pili wa Bienaimé, ameanza kulala mu masomo. Mwalimu anamupiga. Nitamushikia nafasi."

Alishuka akiwasalimu watu mmoja mmoja, kwa kuwa wengi walikuwa majirani. Siku ile mwisho wa foleni ulikuwa ng'ambo ya daraja, mahali ambapo upepo wa mfereji hauna kizuizi. Rolande alirudi mbio, akachukua koti lake la kazini na glavu, akamfikia mama yake pale mwisho, nyuma ya mzee mmoja wa Lubutu. Akamvalisha koti, akamvalisha glavu, akamfunga vifungo vyote isipokuwa cha juu, maana shingo ilitakiwa ibaki wazi.